Nilidhani Kosa ni la Mpigo Wangu

Mpira wangu ulikuwa ukikata kulia. Wakati ule hilo ndilo lililokuwa tatizo kubwa la maisha yangu, na leo nikilikumbuka natamani lingebaki kuwa hilo tu. Nilikuwa na miaka arubaini na kitu, mke wa mtu, mama wa binti mmoja aitwaye Salma, na kazi yangu ilikuwa ukarani katika ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari. Kila Jumamosi asubuhi nilisimama kwenye nyasi za uwanja wa gofu kule juu ya bahari, upande wa barabara ya Mama Ngina, nikapiga mpira unaokwenda vizuri kidogo, halafu unapinda kulia kama aliyesikia jina lake likiitwa.

Aliyenitia katika mchezo huu ni Grace Wakesho, Mtaita, ambaye meza yake ofisini imeshikana na yangu. Daktari alikuwa ameniambia shinikizo la damu limepanda na nitafute mazoezi. Grace akasema, "Njoo utembee na mimi uwanjani. Utafanya mazoezi bila kujua." Nikavaa suruali pana, shati refu na mtandio, nikaenda. Mume wangu Abdalla, ambaye ana duka la vinyago karibu na Ngome ya Yesu, alicheka siku za mwanzo, kisha akazoea. Asiyezoea ni mavyaa wangu, mamake Abdalla, Bi Fatuma, tunayeishi naye nyumba moja Mji wa Kale. "Mwanamke mzima kuzungusha magongo mbele za wanaume," alisema. Kila nilipopita na mfuko wa fimbo zangu aliugeuza uso wake ukutani mpaka niteremke ngazi.

Mwalimu wa uwanjani aliniangalia mara moja tu akajua ugonjwa wa mpira wangu. "Wapiga kwa mikono," akaniambia. "Kiuno kimelala. Mwili ndio upige, mikono ifuate." Nikalichukua neno lile kama dawa. Kila alfajiri baada ya kuswali nilipanda darini nikaweka mpini wa fagio mabegani, nikazungusha kifua kushoto na kulia. Nikachuchumaa na kuinuka. Nikajifunza kuuhamisha uzito kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto, polepole, kama mtu anayevuka kizingiti gizani. Kaskazi ilipoanza kulegea, mpira wangu ulikuwa umeanza kunyooka. Nilipungua tumbo. Wenzangu ofisini waliuliza nakula nini. Nilikuwa na furaha ya kitoto, naweza kusema.

Halafu pakatokea maumivu katikati ya mgongo, mahali padogo, kama mtu ameniwekea kidole gumba pale na hataki kukiondoa.

Nani anayecheza gofu asiumwe mgongo? Grace alikuwa akiumwa, mwalimu alikuwa akiumwa, wazee wote waliokaa kwenye viti vya kivulini walikuwa na hadithi za migongo yao. Nikaambiwa nimezidisha kuzungusha, nipumzike. Nikapumzika. Maumivu hayakupumzika. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko yote nitakayoyasema hapa: msuli uliochoka hupata nafuu ukilala. Mimi nikilala ndipo yalipozidi. Nilijifunza kusinzia nimekaa, nimeegemea mto uliobanwa kwenye pembe ya kitanda.

Nilikuwa nikilowa jasho usiku, lakini ni Mombasa hii, nani halowi? Nilikuwa nikikonda, na watu wakinisifu. "Gofu imekupenda," jirani mmoja aliniambia kwenye kichochoro, na mimi nikamshukuru. Kila dalili ya ugonjwa ilikuja imevaa nguo za afya njema.

Nilikwenda zahanati nikapewa vidonge vya maumivu. Nikaenda nyingine nikachomwa sindano na kupewa mafuta ya kuchua. Kila nilipotaja gofu, anayenisikiliza aliacha kusikiliza, maana jibu alikuwa ameshalipata. Nami sikuwalaumu, kwa kuwa jibu lenyewe lilikuwa langu.

Jumamosi moja ya mwanzo wa masika, nyasi zikiwa bado na umande, nilisimama kupiga. Nikainua fimbo, nikageuka kama nilivyofundishwa, na wakati wa kuupeleka uzito mguu wa kushoto, mguu haukuwapo. Sijui nilisemeje vingine. Ulikuwapo kwa macho, lakini haukupokea kitu. Nikaanguka kifudifudi. Grace alicheka kwanza, kwa sababu sisi wawili tulizoea kuchekana. Kisha akauona uso wangu.

"Zuhura. Inuka."

"Siwezi," nikamwambia. "Grace, siuhisi mguu."

Kufika mwisho wa juma lile wa kulia nao nilikuwa nikiukokota. Nyumba yetu ni ya kizamani, ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, na sisi twakaa juu. Siku ya kupelekwa hospitali, Abdalla alikwenda kuwaomba watu wa barazani. Walinikalisha kwenye kiti cha plastiki wakanibeba, wawili mbele na wawili nyuma, na buibui langu lilipokwama kwenye msumari wa ukuta hakuna aliyejua alinasue nani. Nilikuwa nimepita mbele ya wanaume wale miaka na miaka nikiwaamkia masalkheri, nao wakinijibu bila kuinua macho. Sasa nilikuwa mikononi mwao kama gunia. Mmoja wao, mzee, alikuwa akisema kwa sauti ndogo kila ngazi, "Taratibu, ni mama wa watu." Nimesahau mengi ya siku ile, lakini sauti ile naisikia.

Vyumba vya kungojea vina saa zao. Nilingoja picha ya mashine kubwa, ile unayoingizwa ndani umelala. Nilingoja majibu yake. Nilingoja sindano ndefu ya kutoa kipande mgongoni, nikangoja tena majibu ya kipande hicho. Palikuwa na benchi moja la chuma lililotobolewa matundu. Watu hawazungumzi sana pale. Kila mtu huutazama mlango, na mlango ukifunguka wote huinua shingo kwa pamoja.

Daktari, mama mmoja wa makamo, alinieleza kwa maneno machache. Ni kifua kikuu, kimekaa kwenye uti wa mgongo, kimekula mfupa, na mfupa umeubana mshipa wa miguu.

"Lakini sikohoi," nikasema.

"Si lazima ukohoe," akajibu. "Mapafu yako ni safi. Huwezi kumwambukiza mtu. Utakunywa dawa mwaka mzima na zaidi ikibidi, na hutaruka hata siku moja."

"Nitatembea?"

Alitazama picha, kisha akanitazama mimi. "Tumechelewa kidogo," akasema. "Tuanze dawa, tuone."

Nje ya chumba kile, Abdalla aliinama kwenye kiti changu cha magurudumu akaninong'oneza. "Tusiwaambie watu. Tuseme ni gofu."

"Kwa nini?"

"Wajua kwa nini. Wakisikia TB, nani ataingia dukani kwangu? Nani atamposa Salma?"

Sikuwa na nguvu za kubishana. Basi mtaa mzima ukaambiwa Zuhura amevunja mgongo kwa kucheza gofu. Watu walikuja kunitazama, wakatikisa vichwa, wakasema yale waliyokuwa wakiyasema kwa mavyaa wangu miaka yote. Nililala nikiwasikia wanawake sebuleni wakieleza jinsi mwili wa mwanamke usivyoumbwa kwa mchezo ule. Ule ulikuwa upweke wa aina yake, kuugua maradhi mengine na kupewa pole ya mengine.

Bi Fatuma aliambiwa ukweli, kwa kuwa anaishi nasi. Kuanzia siku ile kikombe changu na sahani yangu viliwekwa mbali na vya wengine. Hakuingia tena chumbani. Salma alipotaka kulala nami, bibi yake alimwita kwa ukali arudi kwake. Nilimweleza aliyoyasema daktari, kwamba mapafu ni safi. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, ncha ya mtandio wake puani. "Madaktari hawajui yote," akasema, akaondoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba mamake alikufa kwa kifua kikuu katika siku ambazo watu hawakulitaja jina la ugonjwa huo.

Sasa niseme juu ya mwili, kwa sababu nilipokuwa mgonjwa nilitamani mtu aniambie na hakuna aliyeniambia. Dawa zitageuza mkojo wako rangi ya machungwa mekundu, usishtuke. Harufu ya chakula uliyoipenda jana itakutapisha leo. Mimi nilishindwa na mahamri, na nyumbani kwetu hupikwa mahamri kila asubuhi. Nilivalishwa fulana ngumu ya plastiki, kutoka kiunoni hadi kifuani, imefungwa kwa mikanda, katika joto lile. Vipele vya jasho vilinijaa chini yake na sikuweza kujikuna. Miguu yangu ilikonda mpaka magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Nilikuwa na mpira wa kutolea mkojo. Misuli yote niliyoijenga darini kwa fagio iliondoka kabla mvua hazijakatika.

Nilikuwa nikikitazama kidole kikubwa cha mguu wa kushoto na kukiamuru kitikisike. Nilikiamuru kwa upole, nikakiamuru kwa hasira, nikakisomea dua. Kililala tu. Siku moja Grace alikuja baada ya kazi na machungwa, nikamwambia nimemwomba Mungu anichukue. Hakunikemea. Aliketi kitandani, pale ambapo mavyaa hakutaka hata kupakaribia, akamenya chungwa, akanipa pande moja, akala moja.

"Mimi sijui kuomba vizuri kama wewe," akasema baadaye. "Lakini mimi namwomba asikuchukue. Sasa atamsikiliza nani?"

Sikucheka. Nilikula lile pande.

Abdalla alikuwa amechoka; sikuliona wakati ule. Alifunga duka mapema, akanigeuza ubavu, akanipa dawa, akaandika tarehe, asubuhi akarudi kazini. Siku moja nilimuuliza mfuko wa fimbo zangu uko wapi, kwa kuwa sikuuona kwenye pembe yake.

"Nimezigawa," akasema.

"Umempa nani?"

"Mtu. Mchezo ule umekwisha, Zuhura."

"Si gofu iliyonifanya hivi. Wewe wajua."

"Mimi najua. Watu hawajui."

"Kwa sababu wewe umewaficha."

Akatoka. Mlango wa pili ulikuwa wazi na Salma alikuwa amekaa kwenye mkeka na vitabu vyake, hageuzi hata ukurasa. Tangu mwezi ule hakuleta rafiki nyumbani. Sikumuuliza sababu.

Ramadhani ikaingia nami sifungi. Ni mara ya kwanza tangu utotoni, na kuna aibu yake hata kama dini yenyewe imekuruhusu. Mchana nilikuwa nikisikia nyumba ilivyotulia, hakuna sufuria inayogongwa, kisha bakuli la uji likiwekwa chini nje ya mlango wangu, na nyayo za Bi Fatuma zikiondoka. Kulifikia lile bakuli ilikuwa kazi ya mtu mwingine, kwa hiyo mara nyingi uji ulipoa ukaganda mpaka Salma arudi kutoka shule.

Adhuhuri moja nilijichafua. Tumbo lilikuwa limevurugika kwa dawa na sikuhisi chochote mpaka nilipopata harufu. Nyumbani hapakuwa na mtu ila Bi Fatuma. Nikatumaini Salma atarudi mapema. Kisha nikaanza kulia, bila kutaka.

Akaja mlangoni. "Una nini?"

Bila shaka harufu ilimjibu. Alisimama pale, na mimi nikafumba macho kwa sababu sikutaka kumwona akigeuka kwenda zake. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Alipoingia alikuwa amejifunga kanga kifuani na nyingine kichwani, mikono mitupu. Alinifungua, akanigeuza kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akaniosha mbele na nyuma, akabadilisha shuka. Nilikuwa nikisema samahani, samahani Mama.

"Nyamaza," akasema. "Mamangu nilikatazwa kumuosha. Walinitoa chumbani. Nilikuwa msichana, nikatolewa."

Magharibi alileta tende na kahawa chumbani kwangu, akatandika mkeka, akafuturu pale.

Nisidanganye kwamba tangu siku ile kila kitu kilikuwa chepesi. Idi ilipita nimelala. Upepo wa kusi ulivuma dirishani nami nimelala. Lakini siku moja, nikiwa sikitazami hata kidogo, Salma alinishika mkono akasema, "Mama, kidole." Kilikuwa kimejikunja. Nilikiamuru tena nacho kikajikunja tena, kidogo mno, kama kitoto kilichoamshwa. Salma alikimbia kumwita bibi yake. Bi Fatuma alikuja, akakiangalia, akakaa chini sakafuni pale pale.

Baadaye nikaanza kwenda kwa mtaalamu wa viungo, Bwana Katana, kijana wa Kigiriama mwenye subira isiyo na maneno mengi. Alinisimamisha kati ya vyuma viwili. Siku za mwanzo nilisimama kwa muda wa pumzi chache, nikatapika kwa kizunguzungu, nikakalishwa. Akaniuliza, "Zamani ulikuwa ukicheza nini?"

"Gofu."

"Sijui gofu. Nionyeshe miguu yafanya nini."

Nikamweleza. Uzito waanza mguu wa kulia, kiuno chageuka, uzito wavuka kwenda kushoto. Akasema basi na tufanye hivyo. Miezi ile yote nilipiga mpira usiokuwapo, mikono imeshika vyuma, kiuno kikigeuka kwa upana wa kidole, mguu wa kushoto ukitetemeka kama waya. Nilianguka mara nyingi. Palikuwa na siku nilizorudi nyumbani nikakataa kuzungumza na mtu, kwa sababu jana niliweza na leo nimeshindwa. Mambo hayapandi kama ngazi. Yanapanda na kushuka bila kukuuliza, na anayekuambia vingine hajapita huko.

Nilirudi ofisini kwa mkongojo, halafu kwa bakora. Kaskazi ikaja, ikaondoka. Mvua zikanyesha tena. Siku daktari aliponiambia nimemaliza dawa, nilitarajia nitaruka kwa furaha, nikajikuta nalia kwenye lile benchi la matundu. Mfupa umepona lakini umepona umepinda. Nina kinundu mgongoni kinachoonekana hata ndani ya buibui. Mguu wa kushoto hupiga chini kwa nguvu nikichoka. Nimekatazwa kuzungusha mwili wote ninapopiga, maisha yangu yote.

Grace alinipeleka uwanjani na fimbo zake. Mwalimu alinifundisha nusu ya mpigo: fimbo isipite kiuno, kifua kisigeuke, miguu ifanye kazi yake ndogo. Mpira wa kwanza ulibingirika ukasimama mbele ya miguu yetu. Wa pili niliukosa. Wa tatu uliinuka kidogo ukaenda, si mbali, ukaanguka kwenye nyasi. Nilichoka kama niliyebeba makontena. Naendelea kwenda, lakini sitaki mtu afikirie nimerudi nilipokuwa. Yule mwanamke aliyepanda darini na fagio sitamwona tena, na bado namlilia.

Kama unacheza mchezo wowote na mgongo unakuuma hata ukilala, kama unakonda na watu wanakusifu, usitengeneze mpigo kwanza. Nenda ukapimwe. Ukiambiwa ni uchovu na wewe hupati nafuu, rudi tena, ukamsumbue mtu mpaka akupige picha.

Jioni za siku za kazi hutembea Mama Ngina ili mguu usisahau. Bi Fatuma hufuatana nami, ati yeye pia ana magoti. Majuzi tulikuwa tumeketi ukutani na mihogo yetu ya pilipili, watu wamejaa kama kawaida, akapita Bi Khadija wa mtaa wetu. Alinipa pole, akanitazama mgongo.

"Gofu hiyo, mwanangu," akasema. "Tuliwaambia."

Nilikuwa nimeshazoea kuitikia. Nikafungua mdomo niitikie.

"Si gofu," mavyaa akasema. Hakushusha sauti, na watu walikuwa karibu. "Mkamwana wangu alikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Amekunywa dawa, amepona. Abdalla alisema gofu kwa kuwa aliogopa maneno yenu, na mimi nikaogopa pamoja naye."

Bi Khadija akaacha kunitazama mgongo. Alisimama na mkoba wake, macho chini. Nikadhani ameudhika, kwamba habari itafika mtaani kabla yetu.

"Mwanangu Swaleh," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mgongo wamuuma tangu Maulidi. Na usiku analowa. Nasi twamwambia ni mizigo ya kazini."

Bi Fatuma alisogea kando, akapiga ukuta kwa kiganja pale palipobaki wazi kati yake na mimi.

"Kaa," akamwambia. "Mwambie Zuhura. Mwambie yote."